Kanuni ya Yowe

Jumatatu, 23 Machi

Mvua ilianza siku ya Idi na mpaka leo haijakata. Nimefungua daftari hili la maandalio ya masomo, ambalo nusu yake ni kurasa tupu, ili niandike kanuni za mchezo wetu wa kadi kabla sijazichanganya kichwani. Najijua, nitaishia kuandika na mengine.

Mchezo wenyewe ulizaliwa kwa ubishi. Baba alipopata kiharusi mwaka juzi, mtaalamu wa mazoezi alisema mkono wake wa kulia upewe kazi ndogondogo, kama kushika karata na kuzipanga. Baba, yaani Mzee Mikidadi, bwana shamba mstaafu, aliyepanda na kushuka milima ya Mgeta miaka thelathini na mbili akiwahimiza watu kulima kwa ngazi, akasema hajawahi kushika karata tangu azaliwe na hataanzia uzeeni. Basi nikakata karatasi za manila. Nikachora ngedere, nguruwe pori, debe la kugonga, mbwa, panga na mkuki. Akakubali kwa sharti moja, kwamba nyumbani kwake mtu hatacheza ili amshinde mwenzake. Ndiyo maana tunacheza wote upande mmoja: walinzi wanne wenye mashamba manne mlimani, na wavamizi wanaoshuka kutoka msituni. Tukishinda tumeshinda wote, tukishindwa hakuna wa kuchekwa.

Sasa wasichana wa klabu yangu shuleni wameupenda, na Dharmesh wa duka la steshenari mjini amekubali kutuchapia seti ishirini. Anataka kanuni zitoshe ukurasa mmoja na zimfikie kabla ya mwisho wa Mei. Zote zimekwisha isipokuwa kifungu cha saba, kinachohusu shambulio la pamoja.

Kuna pia barua ya chuo cha Dodoma, nimeificha ndani ya rejista ya darasa. Ni masomo ya mwaka mmoja. Nimeyaahirisha mara mbili kwa sababu ya Baba, na safari hii wameandika kwamba hawataahirisha tena. Wanataka jibu kabla ya saa tisa na nusu, Ijumaa ya tarehe 29 Mei. Nina miaka arobaini na sita. Sijamwambia mtu.

Jumatano, 25 Machi

Mvua. Madaftari tisini na manne ya kusahihisha.

Alhamisi, 26 Machi

Kikapu kimefika. Mdogo wangu Hashimu anaendesha lori la mboga kutoka Mgeta kwenda Dar, na kila Alhamisi akipita stendi ya Msamvu humkabidhi mtu wa bodaboda kikapu kiletwe huku kwetu Kilakala. Leo kilikuwa na karoti, njegere na koliflawa mbili. Kikapu kinafika, mwenyewe hafiki. Kutoka Msamvu mpaka mlangoni kwetu ni robo saa kwa bodaboda hiyo hiyo.

Halafu ujumbe: “Dada shikamoo. Mzigo umefika? Mzee anaendeleaje? Tuko pamoja.” Nikajibu ninavyojibu kila wiki: “Marahaba. Umefika. Mzee hajambo.” Hilo neno lake la tuko pamoja limeanza kuniumiza kichwa. Pamoja wapi?

Jumamosi, 28 Machi

Tulicheza barazani baada ya alasiri, watu wanne wa siku zote: Baba, mimi, Prisca na Dharmesh. Prisca ni jirani yangu, ndiye anayekaa na Baba asubuhi nikiwa shuleni. Dharmesh hufunga duka Jumamosi mchana, huja na pakiti ya chevda, ule mchanganyiko wa dengu na njugu za kukaanga, na kukaa kwenye kiti kile kile kibovu.

Ubishi ni wa kila wiki. Dharmesh hali nyama ya aina yoyote, hivyo anataka kadi iandikwe “amefukuzwa” badala ya “ameuawa”. Prisca, Mkatoliki wa Mgeta, anauliza kwa nini nguruwe aliyeuawa asihesabiwe kitoweo. Baba anaishika kadi ya nguruwe kwa ncha za vidole viwili, eti isimtengue udhu. Nimeandika “amefukuzwa”.

Shida ni kifungu cha saba. Nguruwe dume ana nguvu kumi na mbili, mtu mmoja hamwezi ila kwa bahati. Niliandika kwamba wenzake wanaweza kumsaidia kwa kadi zozote walizonazo. Basi kila dume alipotokea, sote tulimwaga kadi mezani na mnyama akakimbia kabla hajala hata hindi moja. Mchezo ukaisha kwa dakika kumi.

“Sasa hawa nguruwe walikuja kufanya nini?” Baba aliuliza. Siku hizi anaongea taratibu, neno moja moja, lakini kejeli yake haikupooza.

Nimebadilisha. Mwenye shamba anaweza kutoa kadi tatu, anayemsaidia anatoa moja tu.

Alhamisi, 2 Aprili

Kikapu. Kabichi na karoti. “Tuko pamoja.” Nguo hazikauki, nyumba nzima inanuka unyevu.

Jumamosi, 4 Aprili

Leo nimemkasirikia Dharmesh bila sababu. Yaani sababu ilikuwepo, ila haikumhusu.

Kwa kanuni mpya kila msaidizi anatoa kadi moja. Dharmesh kila mara anatoa debe. Debe lina nguvu moja, ni kelele tu. Mikuki anaiweka mkononi kwa ajili ya shamba lake. Nguruwe yuko kwangu, nimeweka panga na mbwa, nahitaji sita, naye anateremsha debe na kusema, “Tuko pamoja, Mwalimu.” Mara ya tatu nikaweka kadi zangu mezani kwa kishindo, nikamwambia kama ni kuja na debe abaki kwake.

Prisca akajifanya anatafuta kandambili. Dharmesh akapangusa miwani yake, akasema kwa upole, “Lakini Mwalimu, kanuni hujasema nilete nini. Umesema moja, nimeleta moja.”

Ni kweli. Nimeongeza kwamba shambulio likishindwa, kila aliyeshiriki anapata jeraha moja, si mwenye shamba peke yake. Majeraha matatu, mlinzi anapelekwa zahanati na mchezo umepotea kwa wote. Nilimwomba radhi Dharmesh getini. Akasema hana kinyongo, kwao dukani anatukanwa na wateja wenye haki zaidi.

Jumatano, 8 Aprili

Baba ameanguka bafuni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Prisca hajafika. Nilisikia ndoo ikibiringika, kisha kimya. Nilimkuta amekaa sakafuni amejiegemeza ukutani, shuka limelowa, akiniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyeanguka.

Ana kilo themanini na moja. Nilipitisha mikono chini ya makwapa yake kama nilivyofundishwa, nikamwinua nusu, nikateleza, nikamshusha, nikaanza tena. Mara ya nne akasimama. Tulibaki tumeshikana pale, wote tunahema, maji ya bomba yanamwagika na hakuna mwenye mkono wa kuyafunga. Nilitaka kulia ila nilikuwa na kipindi cha kwanza.

Nyonga imevimba kidogo. Daktari wa zahanati amesema hakuna kilichovunjika. Kiuno changu kinauma tangu asubuhi, nimefundisha nimeegemea meza.

Alhamisi, 9 Aprili

Kikapu. “Mzee anaendeleaje?” Nikaandika: “Hajambo.”

Jumamosi, 11 Aprili

Sasa hakuna anayekuja kabisa. Majeraha yamewatisha. Dume alitua kwa Prisca, Prisca akatutazama, sote tukazitazama kadi zetu. “Samahani jirani,” Dharmesh alisema, “nina majeraha mawili tayari.” Tulishindwa mara tatu mfululizo.

Baba ndipo akatoa kanuni yake, na kwa jinsi alivyoitoa bila kusita nadhani alikuwa nayo siku nyingi. Mwenye shamba apige yowe kwanza. Akipiga yowe, kila jirani lazima aje, apende asipende, na vita ikiisha wote wahesabiane na kuonyeshana majeraha, mwenye machache achukue moja la mwenye mengi. Asipopiga yowe, hakuna ruhusa ya kuja, hata kama unamwona nguruwe anakula mahindi ya mwenzako.

“Baba, hiyo itaharibu mchezo,” nilisema. “Mtu amekaa na mkuki mkononi, mwenzake anaumia, halafu anakatazwa kwa sababu ya neno moja tu?”

“Anakatazwa.”

“Kwa nini?”

“Andika tu,” akasema, akafumba macho. Sikuandika.

Alhamisi, 16 Aprili

Kikapu hakijaja. Mvua tangu alfajiri.

Ijumaa, 17 Aprili

Redio inasema kilima kimeporomoka kwenye barabara ya Mgeta, magari yamekwama pande zote mbili. Simu ya Hashimu haipatikani. Nimepiga mara tisa. Nimejiambia chaji imeisha.

Jumamosi, 18 Aprili

Haipatikani.

Prisca alipiga kwa ndugu zake kule juu. Wanasema lori moja la mboga limeteleza na kuingia korongoni, hawajui la nani. Nilikaa jikoni nikachambua mchele ambao ulishachambuliwa. Wiki ngapi nimekuwa nikikilaani kile kikapu, na leo ningetoa chochote nisikie mlio wa bodaboda getini.

Nilidhani hatutacheza, lakini Baba alidai mchezo. Dharmesh alikuja na mwavuli wake, naye ameshasikia, kwa hiyo hakuleta utani. Baba hakugusa kadi. Alisema, “Tuko wangapi?”

“Wanne, Baba.”

“Hesabu vizuri.”

“Wewe, mimi, Prisca, Dharmesh. Wanne.”

“Mimi nina watoto wawili,” alisema. “Hesabu vizuri.”

Nikainuka nikaenda kusimama nyuma ya nyumba kwenye mvua, nikilia kwa nguvu kwa sababu bati lilikuwa linapiga kelele na hakuna ambaye angenisikia.

Jumapili, 19 Aprili

Yuko hai. Niandike yote, nisije nikajidanganya baadaye jinsi ilivyokuwa.

Saa nne asubuhi nilimwona amesimama nje ya mlango, nje kabisa, mvua inampiga, suruali imekuwa tope mpaka kiunoni. Lori lake halikuanguka. Lilikwama nyuma ya maporomoko, akaliacha na mwenzake, akatembea mpaka ng'ambo na kudandia pikipiki mbili. Simu aliidondosha matopeni.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba. Ingia.”

“Nina matope. Nimekuja tu mjue mimi mzima.”

“Ingia, Hashimu.”

Akazunguka kwanza bomba la nje, akanawa miguu mpaka magotini kama mtu anayekwenda msikitini. Baba alipomwona alinyoosha mkono wa kushoto, akamshika sikio, akalivuta kama alivyokuwa akituvuta utotoni. Kisha Hashimu akaona fimbo mpya ya miguu minne, na jinsi Baba anavyokaa upande.

Alinifuata jikoni. “Ameanguka lini?”

“Tarehe nane.”

“Tarehe tisa nimekuuliza, ukasema hajambo.”

“Ungefanya nini? Ungetuma karoti zaidi?”

Nilikuwa nimeitunza sentensi hiyo kwa miezi. Ilipotoka haikunipa raha niliyoitarajia. Hashimu aliweka kikombe chini, akaongea akiangalia sakafu.

“Dada, wewe ndiye uliyenikataza. Mwaka juzi, Desemba. Nimeingia hapa na makelele yangu, Baba kafurahi, kapaliwa na chai mpaka kageuka rangi. Ukanitoa nje. Ukaniambia, ukija hivi unamuumiza, bora uwe unatuma vitu. Nikaona dada ndiye anayejua. Nikawa natuma vitu.”

Nilitaka kusema si kweli. Nakumbuka chai, nakumbuka Baba alivyokuwa akikohoa, nakumbuka hofu. Maneno hayo sikuyakumbuka mpaka aliponirudishia, na hapo nikayasikia kwa sauti yangu mwenyewe.

“Nilikuwa nimechoka,” nikasema.

“Najua. Ndiyo maana nilitii.”

Alilala sebuleni mchana kutwa. Alfajiri atarudi kwenye lori. Nimempa simu yangu ya zamani. Barua ya Dodoma ilikuwa hatua tatu kutoka kwenye mkeka aliolalia, na sikuitoa.

Alhamisi, 23 Aprili

Kikapu. Barabara imefunguliwa upande mmoja. “Mzee anaendeleaje?” Niliandika “Hajambo”, nikafuta, nikaandika “Nyonga bado inamsumbua kidogo.” Ni maneno manne, na yalinichukua dakika kumi.

Jumamosi, 25 Aprili

Nimeiandika kanuni ya Baba kwa majaribio, basi tu nipumzike na macho yake. Wasichana wa klabu wameijaribu. Mmoja alisema, “Madam, hii ya yowe inaboa, mtu si anaona kabisa mwenzake anakufa.” Nilimwambia nami naona hivyo.

Alhamisi, 30 Aprili

Kikapu. Njegere.

Jumatatu, 4 Mei

Mitihani ya muhula imeanza. Nimesimamia saa tatu nimesimama. Barua bado imo kwenye rejista. Nilimwona mwalimu mwenzangu akiipekua akitafuta mahudhurio, nikajiona mwizi.

Alhamisi, 7 Mei

Kikapu. Nilishika simu nimpigie Hashimu, nikakumbuka ana mke kule Mgeta, ana lori la watu, ana mambo yake. Sikupiga.

Jumamosi, 9 Mei

Mvua imepungua. Leo jua lilitoka kabisa na milima ikaonekana mpaka juu, mistari ya maji inang'aa kwenye miamba.

Tulikuwa tunashinda. Mashamba yote manne yamesimama, kadi saba tu zimebaki kwenye rundo. Dume wa mwisho akatua kwangu. Nilikuwa na majeraha mawili, nimeyaweka kifudifudi chini ya mkono kama kawaida yangu, maana sipendi watu wayatazame. Mkononi nina mkuki, panga na mbwa. Tano, tatu na tatu. Kumi na moja.

“Piga yowe,” Prisca alisema.

Wao nao walikuwa wameumia, nilijua. Tukipigwa wote, kuna ambaye angefika matatu. Nikasema naenda mwenyewe, kwani kuna kadi ya bahati unayovuta kabla ya kushambulia, na nusu ya kadi za bahati zinaongeza moja.

“Mwalimu, piga yowe,” Dharmesh alisema.

“Naweza.”

Nikavuta. Ukungu, hauongezi kitu. Kumi na moja kwa kumi na mbili. Jeraha la tatu, mlinzi zahanati, mchezo umepotea kwa wote.

Dharmesh aligeuza kadi zake mezani bila kusema. Debe, debe, debe. Alikuwa nayo matatu. “Moja tu, Mwalimu,” alisema baadaye. “Nilikuwa nayo hapa. Kanuni inanikataza kuitoa kama hujaniita.”

“Ndiyo maana nikasema kanuni hii ni mbaya,” nikajibu, na nilisikia nilivyokuwa mkali.

Baba akafunua yale majeraha niliyoyaficha, moja moja, kwa mkono wa kulia, ule mbovu. Ilichukua muda. Kisha akaanza kuongea, na ninaandika alivyosema, bila yale mapumziko yake.

“Nilikuwa kijana, sijaajiriwa. Dume aliingia kwenye mahindi yangu alfajiri. Ukungu wa kule, huoni mkono wako. Ningepiga yowe wangekuja watu kumi. Sikupiga. Nilitaka asubuhi niseme nimemuua peke yangu. Mdogo wangu alikuwa shamba la jirani, aliniona nilivyotoka na mkuki. Akanionea huruma. Akaja kunisaidia, kimya kimya, asimshtue mnyama. Nikasikia majani.”

Alijaribu kuinua mkono wa kulia, ukafika kifuani ukarudi.

“Hakuwa nguruwe.”

Baba mdogo Maneno alikuwa kiwete. Tangu tukiwa wadogo tuliambiwa alianguka korongoni. Alitubeba mgongoni huku akichechemea, tulicheka mwendo wake, naye alicheka pamoja nasi. Alifariki miaka sita iliyopita.

“Yeye ndiye aliyesema tuseme ameanguka,” Baba alisema. “Hata mama yenu amekufa hajui. Usipoita, mwenzako akija humjui ni nani. Unamchoma. Umemfuata mama yako kwa mengi, Shamsia. Hili umelichukua kwangu.”

Prisca alikuwa analia waziwazi. Dharmesh aliokota kadi akazipanga, akazipanga tena. Mimi nilienda kuweka chai. Nilikuwa namkasirikia Baba kwa kukaa na jambo hilo miaka hamsini, na nilipokuwa nahesabu vijiko vya sukari ndipo nikaona siwezi kumkasirikia bila kujikasirikia mwenyewe.

Jumanne, 12 Mei

Sikupiga.

Alhamisi, 14 Mei

Nilipiga. Saa saba na robo mchana, niko chini ya mti wa shule, kabla kikapu hakijafika Msamvu.

“Hashimu, leo usitume kikapu. Njoo mwenyewe.”

“Baba ana nini?”

“Baba mzima. Ni mimi.” Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yakanipotea. “Nimechoka. Siwezi tena peke yangu. Njoo.”

“Nipo Sangasanga, nakaribia mjini,” akasema. “Nakuja.”

Alikuja na kikapu mkononi, akakiweka mlangoni, akaingia na viatu. Nilimpa barua, pamoja na zile mbili za nyuma nilizoahirisha. Aliisoma mara mbili, na mara ya pili midomo yake ilikuwa inatembea. Aliangalia tarehe za zile barua mbili za nyuma.

“Mwaka jana ulikuwa nayo hii. Na mwaka juzi.”

“Ndiyo.”

“Na mimi nikawa napita hapo chini na kabichi.” Akajifuta uso kwa kiganja. “Unajua nilikuwa nasema nini kwa watu? Dada yangu ni jembe, hahitaji mtu.”

Tulimweleza Baba pamoja. Hashimu ataomba kwa mwenye lori abaki na safari ya Mgeta na soko la hapa mjini tu, awe anarudi saa sita mchana. Asubuhi ni ya Prisca kama kawaida. Mke wake atashuka shule zikifungwa. Si mpango mzuri sana. Una matundu mengi na nimeshayaona yote. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, “Unajua kupika uji?” Hashimu akasema hajui. Baba akafumba macho kama mtu aliyesomewa hukumu.

Jumanne, 19 Mei

Hashimu amehamia. Uji una mabonge. Anamfunga Baba vifungo vya shati kuanzia juu, vinapishana, anafungua anaanza upya. Nikisogea kusaidia ananitazama. Sikujua kwamba kupumzika kunachosha namna hii.

Jumamosi, 23 Mei

Nimempa Dharmesh kanuni. Kifungu cha saba kinasomeka hivi:

“Mvamizi akiwa shambani kwako, una hiari ya kupiga yowe. Ukipiga, kila mlinzi lazima aje na kadi moja, ndogo au kubwa, na hakuna kadi inayokataliwa. Usipopiga, hakuna anayeruhusiwa kuja. Vita ikiisha, walinzi wanahesabiana, kila mmoja anaweka majeraha yake wazi mezani, na mwenye machache anachukua moja la mwenye mengi.”

Dharmesh aliisoma amesimama, akagonga kidole kwenye “ndogo au kubwa”. “Hii umeniandikia mimi,” alisema. Nikamwambia ndiyo. Akasema inatosha ukurasa, na atatumia karatasi nzito kidogo ili zisilowe masika yajayo.

Jumatano, 27 Mei

Idi ya kuchinja. Baba ameswali amekaa, Hashimu pembeni yake. Nimekula nikashiba.

Ijumaa, 29 Mei

Nimetuma jibu saa nne asubuhi kwenye mtandao wa chuo, nikapeleka na barua kwa mkuu wa shule. Nilidhani nitafurahi, na pengine nitafurahi wiki ijayo. Leo naona hofu tu, na usingizi.

Niliporudi nyumbani walikuwa bafuni, mlango umerudishiwa. Nikasikia ndoo ikigonga ukuta, kisha Hashimu, “Shika hapa, Baba, si hapo, hapa,” kisha mguu unateleza na mtu anaguna. Nikatupa mkoba. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitasa. Najua pa kumshika, najua upande upi hauna nguvu, najua kwamba sabuni isiwekwe pale anapoiweka.

“Nani huyo?” Baba aliuliza kutoka ndani.

“Mimi.”

Kulikuwa na kuhema, na maji yanamwagika.

“Hatujaita,” Baba alisema.

Hashimu akacheka, Baba naye akacheka kile kicheko chake cha upande mmoja, na nikasikia wakianza upya, moja, mbili, tatu. Nikaachia kitasa. Nimekuja kukaa hapa barazani kwenye kiti kibovu cha Dharmesh, miguu nimenyoosha, naandika, na hawajaita bado.